Mwenye Macho Naye Aambiwe Tazama

Pale Marikiti ya Mombasa, upande wa wauza viungo, kuna kijana mwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu. Ana kawaida moja ambayo sijapata kumwona akiivunja: mteja hamalizi kutoa pesa mpaka asome jina kwa sauti. Majuzi nilimkuta na bi mkubwa mmoja wa Kibokoni, kikapu cha vitunguu mkononi, mbio mbio asipitwe na adhuhuri. Kidole kilikuwa kimeshaelekea kwenye kitufe cha kukubali, kijana akamzuia kwa upole.

"Bi mkubwa, hebu nisomee jina lililotokea."

"Nambari nimeiandika sawa, mwanangu."

"Huenda ni sawa. Nisomee tu."

Bi mkubwa akaisogeza simu mbali na uso, kama wafanyavyo watu wa umri wake, akasoma. Jina halikuwa la kibanda kile. Tarakimu mbili zilikuwa zimepishana. Akasema astaghafirullah, akaanza upya.

Nilitoka pale nikiwaza kura. Sisi Kenya hatupigi kura kwenye skrini. Tunapewa karatasi sita, tunaweka alama kwa kalamu, tunakunja, tunatumbukiza, tunachovya kidole kwenye wino. Vile vifaa vya KIEMS tulivyovizoea tangu mwaka 2017 kazi yake ni kututambua na kupeleka matokeo, havipokei kura. Lakini kila uchaguzi ukiisha, barazani na kwenye mistari ya matatu huzuka swali lile lile: kwa nini tusibonyeze tu, kama tubonyezavyo simu? Tunatuma karo kwa kubonyeza, tunalipa stima kwa kubonyeza, kura ina nini?

Swali ni la haki na linastahili jibu la haki. Mimi siichukii mashine. Ninachotaka ni tujue, kabla senti moja haijatoka, nchi zilizotangulia zilijikwaa wapi, na hasa katika jambo dogo ambalo kila mtu hudhani ni la kawaida: kukagua ulichochagua kabla ya kukubali. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mbele ya skrini ya kura, naamini methali hiyo inatupotosha. Mwenye macho anahitaji kuambiwa, tena kwa wakati wake, na awe na kitu cha kutazama ambacho ndicho kitakachohesabiwa.

Tuanze na watu waliokuwa na macho na wakaponyokwa. Mwaka 2006, kaunti ya Sarasota katika jimbo la Florida, Marekani, ilipiga kura kwa skrini za kugusa. Kulikuwa na kiti cha bunge la taifa, wagombea wawili tu, Vern Buchanan na Christine Jennings. Hesabu ilipokamilika, takriban kura 18,000 hazikuwa na chaguo lolote katika kinyang'anyiro hicho. Watu wale wale walikuwa wamemchagua gavana, wamechagua na wengine wa chini kabisa, lakini hapo palikuwa patupu. Mshindi alipita kwa tofauti ya kura 369.

Palifanyika uchunguzi, palikuwa na kesi, na ushahidi kwamba mashine zilikorofisha haukupatikana. Maelezo yaliyopata nguvu zaidi ni ya mpangilio. Kiti cha bunge kiliwekwa juu kabisa, kwenye ukurasa mmoja na kiti cha ugavana, na kile cha ugavana kilikuwa na orodha ndefu chini ya kichwa cha habari chenye rangi. Jicho liliruka. Likaanza kusoma pale penye rangi, kama mtu anayeingia ukumbini akaenda moja kwa moja kwenye meza yenye taa bila kuiona ile iliyo karibu na mlango. Na mashine zile zilikuwa na ukurasa wa mwisho wa kukagua, ulioonyesha wazi kwamba kiti hicho hakijachaguliwa mtu. Maelfu waliupita ukurasa huo wakabonyeza kitufe cha kupiga kura. Hapakuwa na karatasi ya kurudia. Mwaka uliofuata Florida ikatunga sheria ya kurudi kwenye karatasi.

Nimekisoma kisa cha Sarasota mara nyingi, na kila mara kinachonisimamisha ni ule ukurasa wa mwisho. Ulikuwepo. Ulisema kweli. Haukusaidia kitu.

Mtu ataniambia hao walikuwa wazembe. Mwaka 2007, mtafiti Sarah Everett wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas aliwapa watu mashine ya majaribio, kisha kwa makusudi akabadilisha majibu yao kwenye ukurasa wa kukagua. Zaidi ya asilimia 60 hawakugundua. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakachapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo, safari hii kwa mashine inayochapisha karatasi. Walipata washiriki 241, na kila mmoja karatasi yake ilibadilishwa jina moja. Asilimia 40 tu ndio walioitupia jicho karatasi yao, na wale waliomwambia msimamizi kwamba pana kosa, bila ya kukumbushwa na mtu, walikuwa asilimia 6.6. Maana yake, katika kila karatasi 100 zilizochezewa, 93 zingeingia kwenye hesabu bila mtu kuinua mkono.

Watu hao hawakuwa wajinga. Walifanya tunavyofanya sote. Ukishagusa jina, akili yako huandika kwamba kazi imekwisha, na kuanzia hapo macho huona kile ambacho akili imeshakikubali. Mshonaji wa kanzu anajua hili: kosa la uzi ulioshona mwenyewe utaliona kesho, au ataliona mwingine. Ongeza juu yake foleni iliyo nyuma yako tangu saa kumi na mbili asubuhi, mtoto mgongoni, karani anayeita "mwingine", na orodha ya viti sita. Nani atasimama asome upya?

Lakini jaribio lile la Michigan lina upande wa pili, na huo ndio ulionipa matumaini. Watafiti walijaribu mambo kadhaa ili kuona ni lipi linalowaamsha watu. Bango la ukutani halikufaa kitu. Kumwambia mtu mapema, kabla hajaanza, hakukufaa pia. Kilichofaa ni binadamu aliyesimama pale, karatasi ikiwa imeshachapwa na bado haijatumbukizwa, akasema: hebu ikague. Na waliopewa orodha ya majina mkononi, wakailinganisha na kilichochapwa, waligundua kosa kwa wingi zaidi.

Yule kijana wa Marikiti hajapata kukanyaga Michigan. Anasema neno lile lile, dakika ile ile.

Sasa tuje kwenye kidole chenyewe, kwa sababu wapo wanaodhani kukagua ni kwa ajili ya wasiojua kusoma. Skrini haioni kidole chako kama unavyokiona wewe. Skrini za kizamani zilihisi mkandamizo. Za sasa huhisi umeme mdogo wa ngozi. Katika aina zote mbili, mashine lazima ifundishwe kwamba nukta fulani ya kioo ni jina fulani lililo chini yake. Mafunzo hayo yakipotoka kidogo, jambo linalozipata zaidi zile za kizamani, labda mashine imebebwa kwenye lori barabara mbovu, labda imewekwa bila kupimwa upya, basi unamgusa Juma na alama inatokea kwa Hamisi aliye juu yake. Mtu mrefu anayetazama kutoka juu hugusa mahali tofauti kidogo na mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, ingawa wote wameona kitufe kimoja. Kiganja kikiegemea pembeni ya kioo, baadhi ya mashine huhesabu kiganja hicho kuwa ni mguso. Kidole kilicholowa jasho huweza kugusa pawili, au kisihisiwe kabisa.

Hapa kwetu tumeshaonja sehemu ya matatizo haya kwenye kutambuliwa kwa alama za vidole. Mvuvi aliyevuta nyavu miaka thelathini, mwanamke afuaye nguo za watu, mtu wa kuvunja mawe, vidole vyao vimelika. Wamesimama mbele ya kifaa wakifuta kidole kwenye shati mara tano huku watu wakiwatazama. Kama kidole hicho hicho ndicho kitakachochagua gavana, basi mashine itakayokuja lazima ipimwe kwa kidole cha Likoni na cha Mtongwe, si kwa kidole cha mtu wa ofisini peke yake.

Haraka nayo ina hesabu yake. Mwaka 2018 kule Texas palikuwa na mashine za kuzungusha gurudumu na kubonyeza, hazikuwa za kugusa skrini. Zilimruhusu mpiga kura kuchagua chama kizima kwa mara moja. Sisi hiyo tunaijua kwa jina la suti: vipande vyote sita vya chama kimoja. Waliochagua suti yao kisha wakabonyeza kabla ukurasa haujamaliza kujichora walikuta kiti cha seneti kimekwenda kwa mgombea wa chama kingine, au kimebaki kitupu. Kelele zilisikika kutoka pande zote mbili, za wafuasi wa Ted Cruz na za wafuasi wa Beto O'Rourke, wagombea wa kiti hicho. Jibu la serikali ya jimbo likawa: msikimbilie, na mkague ukurasa wa mwisho kabla ya kupiga kura. Ushauri ni sawa. Ila mashine inayoweza kumhukumu mtu kwa kubonyeza nusu sekunde mapema ilipaswa kurekebishwa muda mrefu kabla ya watu kuombwa subira.

Nina jambo moja la lugha ambalo sijasikia likisemwa na wanaopigia debe mashine. Ni maneno gani yataandikwa kwenye vitufe? Tazama mashine za benki na programu za simu zilizotafsiriwa Kiswahili: Thibitisha, Ghairi, Futa, Batilisha, Endelea, Rudi. Kwa mtu wa Mombasa, kughairi ni kubadili nia. Mtu aliyeghairi safari hakuifuta, ameahirisha au ameamua vingine. Je, Ghairi inafuta jina moja, au inafuta kura zote na kukutoa kibandani? Futa ni futa nini? Na neno la hatari kuliko yote ni Endelea, kwa sababu halikuulizi kitu. Linakusukuma tu.

Kiswahili kina silaha bora kuliko hizo, tena fupi. Skrini iweke picha na jina la mgombea, iulize: "Huyu ndiye?" Vitufe viwili tu: Ndiye. Siye. Mtu hawezi kujibu hivyo bila kutazama uso. Bibi yangu aliyeishi miaka themanini bila kusoma hata barua moja angejibu. Brazili, ambao wamepiga kura kwa mashine tangu mwaka 1996, wana njia inayofanana: unaandika nambari ya mgombea, picha yake inatokea, kisha kuna kitufe cha kijani cha kukubali na cha rangi ya machungwa cha kusahihisha. Rangi na uso hufanya kazi ambayo maneno marefu hayaifanyi.

Hata hivyo, tuseme skrini imepangwa vizuri, maneno ni mazuri, kidole kimesikika, na mpiga kura amekagua kwa makini. Amekagua nini? Amekagua kile ambacho mashine imeamua kumwonyesha. Kilichoandikwa ndani ya kumbukumbu yake hakionekani kwa jicho la mtu yeyote, awe mpiga kura, wakala wa chama, wala msimamizi wa kituo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kura iliyo ndani ya kumbukumbu ya mashine bila karatasi ni mali ya namna hiyo hasa. Hapa ndipo wengi wanaposhauri "kagua chaguo lako" huishia, na hapa ndipo mimi naona jambo lenyewe linaanza.

Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilizikataa mashine zilizotumika katika uchaguzi wa mwaka 2005. Hoja yake ni rahisi na nzito: raia wa kawaida lazima aweze kukagua hatua za msingi za uchaguzi bila kuwa na utaalamu maalumu. Namibia ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kutumia mashine za kupigia kura katika uchaguzi wa taifa, Novemba 2014. Mwaka 2020 mahakama ya nchi hiyo ikaamua kwamba kuzitumia bila karatasi ya ushahidi hakukuwa halali, na wananchi wakarudi kwenye karatasi na kalamu. India, yenye wapiga kura wengi kuliko taifa lolote, ililazimika kuongeza kisanduku chenye kioo: ukibonyeza, karatasi yenye jina na alama ya chama hutokea kwa sekunde saba, kisha hudondoka ndani. Sekunde saba si nyingi. Lakini ni karatasi, na ikitakiwa, huhesabiwa.

Katiba yetu ya 2010 imeshalisema hili katika kifungu cha 86. Inasema mfumo wowote wa kupiga kura utakaotumika uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama, wenye uwajibikaji na ulio wazi. Wowote. Walioandika neno hilo waliacha mlango wa mashine wazi, na wakaweka kizingiti. Nikilisoma neno "kuthibitishwa" naona karatasi ambayo fundi wa jahazi anaweza kuishika akaielewa. Usiandikie mate na wino ungalipo.

Karatasi ndiyo iliyookoa kaunti ya Northampton, jimbo la Pennsylvania, Marekani, mara mbili. Mwaka 2019 mgombea mmoja wa ujaji, Abe Kassis, alionyeshwa na mashine kuwa na kura 164 kati ya takriban 55,000. Haikuingia akilini. Wakafungua karatasi zilizochapwa na mashine zile zile, wakazihesabu usiku, ikaonekana Kassis ameshinda. Mwaka 2023, kaunti hiyo hiyo, mashine hizo hizo, wapiga kura waliulizwa kama majaji wawili waendelee na kazi, ndiyo au hapana kwa kila mmoja. Aliyesema ndiyo kwa mmoja na hapana kwa mwingine alikuta kwenye karatasi yake majibu yamebadilishana. Lilikuwa kosa la mtu aliyepanga programu, na majaribio ya kabla ya uchaguzi hayakulinasa. Walionasa ni wapiga kura waliosoma karatasi zao.

Zingatia jambo moja. Aliyesema ndiyo kwa wote wawili, au hapana kwa wote wawili, asingeona kosa hata angesoma mara kumi. Ukaguzi wako unaweza kutoka safi na mashine bado ikawa mbovu. Kwa hiyo malalamiko ya mtu mmoja ni mali ya watu wote, na namna yanavyopokewa ni sehemu ya ukaguzi.

Hilo linanitia wasiwasi kuliko mengine. Fikiria mama mmoja Changamwe anatoka kibandani anasema, "Nimemgusa huyu, imetoka yule." Nani atamwamini? Alikuwa peke yake mle ndani. Kura ni siri. Msimamizi wa kituo, kwa nia njema kabisa, atamwambia amebonyeza vibaya. Mama ataona haya, atajaribu tena, itatoka sawa, ataondoka. Wa kumi baada yake atasema hivyo hivyo, naye ataambiwa hivyo hivyo. Jioni hakuna anayejua kwamba kibanda cha tatu kilikuwa na watu kumi na mmoja waliodhani wana vidole vibaya.

Dawa yake haihitaji fundi. Inahitaji daftari. Kila anayerudisha karatasi aandikwe, saa ngapi na kibanda kipi, bila jina na bila kuulizwa alimchagua nani. Mawakala wa vyama waone daftari hilo. Kibanda kikifikisha idadi iliyokubaliwa mapema, kifungwe, na watu wapewe karatasi za kawaida ambazo lazima ziwepo kituoni tangu alfajiri. Hata leo sheria yetu inamruhusu mtu aliyeharibu karatasi kwa bahati mbaya airudishe kwa msimamizi apewe nyingine, na nimekutana na watu wazima, wenye shahada, wasiolijua hilo. Wanakosea, wanaona haya, wanatumbukiza hivyo hivyo. Katika kura za urais za mwaka 2022, zilizokataliwa zilikuwa 113,614. Sitadai kwamba zote zilitokana na haya ya kurudisha karatasi. Lakini tofauti kati ya William Ruto na Raila Odinga ilikuwa 233,211, na ukiziweka nambari hizo mbili kando kwa kando, utaona kwamba kura za kukataliwa si makombo.

Majirani zetu wa Kongo wametufundisha mpaka wa karatasi pia. Desemba 2018 walipiga kura kwa skrini ya kugusa: unagusa picha ya mgombea, mashine inachapa chaguo lako kwenye karatasi, unaisoma, unaikunja, unaitumbukiza kwenye sanduku. Wapinzani waliipa jina la mashine ya kuibia kabla haijatumika. Watu wa Beni na Butembo, wazungumzaji wa Kiswahili kama sisi, hawakupata hata nafasi ya kuikagua, kwa kuwa kura yao ya urais iliahirishwa kwa sababu ya Ebola na usalama, mpaka rais mpya akawa ameshaapishwa. Na mgogoro mkubwa ulipolipuka Januari 2019, haukuhusu kidole cha mpiga kura. Ulihusu jumla. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi takriban 40,000, likasema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na takwimu zake. Karatasi iliyokaguliwa vyema na mpiga kura inaweza kuingia kwenye jumla asiyoiona mtu.

Kwa upande huo sisi tuna cha kuringia. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka fomu za 34A, yaani fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, za karibu vituo vyote 46,229 mahali pa wazi mtandaoni. Vijana wa Kisauni na Jomvu walikaa na kikokotoo wakajumlisha wenyewe. Sijaona jambo katika uchaguzi wetu lililonipa fahari zaidi. Nchi nzima ilikuwa ikikaguana hesabu.

Na Mombasa ina somo lake la peke yake, ambalo nashangaa halitajwi zaidi. Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, tume ilitangaza kwamba kura ya ugavana katika kaunti za Mombasa na Kakamega haitafanyika kesho yake, kwa sababu karatasi zilikuwa na makosa ya picha na maelezo ya wagombea. Tukaenda vituoni tukapewa karatasi tano badala ya sita. Uchaguzi ukapangwa tarehe 23, kisha ukasogezwa tena hadi tarehe 29 Agosti. Mji ulikasirika, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokasirika. Watu walifunga maduka mara mbili, walioajiriwa mbali walikuwa wamesharudi kazini, kampeni zikarefuka kwa wiki tatu ambazo hakuna aliyezitaka.

Lakini kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyolitazama kosa lile kwa jicho jingine. Lilionekana. Lilionekana kabla ya alama ya kwanza kuwekwa, na halikuhitaji mtaalamu wa programu wala neno la siri la mtu yeyote. Karatasi ilishikwa, uso ukatazamwa, ikajulikana kwamba huyu siye. Kosa hilo hilo lingekuwa ndani ya mashine, lingekaa wapi? Northampton walifanya majaribio yao yote na bado lilipita.

Kwa hiyo ikiwa siku moja, kabla ya Agosti 2027 au baada yake, mtu ataleta pendekezo la skrini, nitamuuliza maswali machache na nitataka majibu yenye anwani. Karatasi iko wapi, na je, inayohesabiwa ni maandishi niliyoyasoma au ni alama za mistari ninazoshindwa kuzisoma? Jimbo la Georgia, Marekani, lilinunua mashine zinazochapa majina kwa ajili ya macho ya mtu na alama za siri kwa ajili ya kisomaji, na mwaka 2024 likalazimika kutunga sheria ya kuziondoa alama hizo. Nani atasimama kati ya kibanda na sanduku aniambie niisome? Analipwa na nani, amefunzwa siku ngapi? Naruhusiwa kuingia na kijikaratasi changu cha majina, kama majimbo mengi ya Marekani yanavyoruhusu? Shangazi yangu asiyeona atasikilizishwa chaguo lake kwa Kiswahili cha sauti, kwa faragha, bila mimi kumshikia mkono? Hilo la mwisho nakiri ndilo jambo moja ambalo mashine nzuri ingetushinda nalo, na asiyeliona hilo hajapata kumsindikiza mtu asiyeona kupiga kura.

Tarehe 29 Agosti 2022 nilimpeleka mama kituoni, shule ya msingi, darasa la pili, ukutani bado pana chati ya a e i o u. Karatasi ilikuwa moja tu siku hiyo. Aliingia kwenye kibanda cha kadibodi akakaa. Akakaa zaidi. Watu wawili walioingia baada yake kwenye vibanda vya pembeni wakatoka. Nilimwona ameigeuza karatasi kuelekea dirishani, mwanga uliko, kidole kinashuka taratibu uso kwa uso, kinarudi juu, kinashuka tena. Karani, binti mdogo mwenye heshima zake, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, watu wanangoja."

"Nawaona, mwanangu," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Mara ya kwanza walileta nyuso sizo. Niache nimtafute wangu."

Binti akanyamaza, akawageukia waliokuwa mlangoni, akawaambia wasubiri kidogo.